Mwezi mpevu na taarifa ya saa mbili: kisa cha televisheni moja Kibirizi

Mei 2024, siku chache baada ya Ziwa Tanganyika kufungwa, mzee mmoja wa Kibirizi, mwalo wa mitumbwi ya uvuvi hapa Kigoma, alinipigia simu asubuhi. Ni mteja wangu wa miaka mingi, mwenye mitumbwi ya dagaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, njoo unirudishie chaneli ya taifa."

Nikamuuliza imepotelea wapi. Akasema hajui. Rimoti wanashika vijana, na yeye mwenyewe ana zaidi ya mwaka hajaitafuta.

Mimi ni fundi dishi hapa Kigoma. Nilibeba bisibisi, mita ya kupimia mawimbi na waya kidogo, nikapanda bodaboda kutoka Mwanga, hapahapa mjini, kuteremka hadi mwaloni. Kazi ya siku ile haikufika saa mbili. Lakini nyumba ile niliirudia mara nyingi katika miezi mitatu iliyofuata, safari nyingine kwa kazi, nyingine kwa chai tu. Niliyoyaona pale yamenibadilisha mawazo kuhusu neno ninalolisikia tangu nianze kazi hii: kwamba vipindi vya nyumbani vinavyogharamiwa na fedha za umma havina watazamaji, watu wameshahamia kwenye mpira na tamthilia za nje. Wanaosema hivyo wengi ni watu wa mjini wanaorudi nyumbani saa kumi na moja jioni. Kibirizi saa kumi na moja jioni ndipo watu wanatoka.

Nimeamua kukiandika kisa cha nyumba hii moja kwa kirefu kwa sababu fundi dishi huingia sebuleni mwa watu kuliko mtafiti yeyote. Naona chaneli gani imewekwa namba moja, ipi imefutwa, nani anainuka kumpisha nani kwenye kochi.

Nyumba yenyewe

Sebule ni moja, pana, mlango wake unatazama ziwa. Televisheni ni flati ya inchi 32, imetundikwa juu ya kabati la vyombo. Ile ya zamani, ya chogo, bado ipo chumbani kwa mzee, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mgeni aliyelala. Mzee ana umri wa kustaafu kwa hesabu za ofisini, lakini bado anaingia ziwani mwenyewe. Mkewe hununua dagaa mwaloni alfajiri, anaanika, anauza kwa wachuuzi wanaopeleka Tabora na Dar es Salaam. Vijana wao wawili ni wavuvi. Binti yuko kidato cha tatu. Halafu kuna wajukuu, na majirani wasio na televisheni, na vijana wa kwenye mitumbwi ambao hula hapo.

Jioni moja ya Juni, kabla sijavua kandambili zangu mlangoni, nilihesabu zilizokuwepo: jozi kumi na saba. Wote hao walikuwa wanatazama televisheni moja.

Uingereza wana chombo cha kuhesabu watazamaji kilichoanza mwaka 1981, kinaitwa BARB. Familia zilizochaguliwa hufungiwa kifaa kwenye televisheni, na kila mtu wa nyumbani ana kitufe chake anachobonyeza akiingia sebuleni na akitoka. Hapa kwetu njia iliyozoeleka ni kuwauliza watu kwa simu: jana jioni ulitazama nini? Sasa fikiria swali hilo limefika Kibirizi. Simu ni ya mzee. Akijibu, jibu ni la mtu mmoja, na jozi kumi na sita za kandambili hazimo. Na kama swali limekuja usiku wa giza, usio na mwezi, mzee yuko majini na simu ameifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Hajibu kabisa.

Mwezi ndio unaoamua

Hapa lazima nieleze uvuvi, maana bila huo kisa hakieleweki. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi hutoka jua likizama, taa huwashwa juu ya maji, dagaa hupanda kuufuata mwanga, nyavu huinuliwa, na kazi huendelea hivyo hadi alfajiri. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu tena. Mwanga umetapakaa ziwa zima, dagaa hawakusanyiki. Kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, hushona nyavu, hutengeneza injini, hukaa na watoto wao.

Maana yake ni kwamba sebule ya Kibirizi ina kalenda mbili ndani ya mwezi mmoja. Siku za giza, saa mbili usiku taarifa ya habari ya TBC1, hiyo chaneli ya taifa, inapoanza, waliopo ni wanawake, watoto na wazee waliokwisha kuacha maji. Siku za mbalamwezi wanaume nao wapo, na mjadala wa habari unachukua muda mrefu kuliko habari yenyewe. Anayepima watazamaji wiki ya kwanza atapata Kigoma moja, anayepima wiki ya tatu atapata Kigoma nyingine. Ataandika kwamba watazamaji wanaume wameongezeka au wamepungua, atatafuta sababu kwenye kipindi, kwenye mtangazaji, kwenye ushindani wa vituo binafsi. Kilichobadilika ni mwezi.

Sijawahi kuona hesabu ya watazamaji iliyoandikwa pembeni yake kwamba usiku huo ulikuwa wa giza au wa mbalamwezi. Kwa mikoa yenye ziwa hilo ni pengo kubwa. Mkoa wa Kigoma peke yake, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 2.4. Si wote wavuvi, lakini pwani yetu yote inaishi kwa saa hizo: mvuvi, mke wa mvuvi, mpika chai mwaloni, mwenye bodaboda anayebeba ndoo alfajiri.

Ziwa lilifungwa tarehe 15 Mei 2024 hadi 15 Agosti, miezi mitatu, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Lengo lilikuwa samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Siku ya kufungwa mwezi ulikuwa unakua. Ulipevuka tarehe 23. Kwa hiyo juma la kwanza na la pili nyumba ile haikusikia tofauti kubwa. Wanaume walikuwa nyumbani kama mbalamwezi nyingine yoyote. Pigo lilikuja Juni ilipoanza, giza lilipoingia na wanaume hawakutoka. Mama mwenye nyumba aliniambia, akiwa anapepeta unga wa muhogo mlangoni: "Giza hili, na wanaume wako ndani. Tangu niolewe sijaliona."

Hapo ndipo sebule ilipobadilika. Mzee alikuwa na maswali matatu tu, na aliyarudia kila siku. Litafunguliwa kweli tarehe iliyosemwa? Wenzetu wa ng'ambo nao wamefunga, au tumefunga sisi wao wanavua? Na watu wa mwaloni watakula nini? Mtaani majibu yalikuwa mengi na yote tofauti. Mmoja ana shemeji yake Burundi aliyemwambia hivi, mwingine amepata sauti kwenye kundi la WhatsApp iliyosema vile.

"Maneno ya mtaani nimeyachoka," mzee aliniambia. "Nataka nimwone waziri mwenyewe akisema, nimtazame machoni."

Miaka yote anaishi bila chaneli ya taifa kwa sababu haimhusu, na siku ambayo serikali imefanya jambo linalogusa sufuria yake anaitafuta kama dawa. Hakutaka uchambuzi wala burudani. Alitaka neno lenye mwenyewe. Vituo binafsi navyo vilitangaza habari ya ziwa, lakini kwake habari iliyotoka chaneli ya taifa ilikuwa kama barua yenye muhuri. Vijana wakimwambia wamesoma jambo kwenye simu, alikuwa anauliza, "Taifa wamelisema?"

Tarehe 13 Juni, bajeti ya Serikali iliposomwa, ile ya shilingi trilioni 49.35, nilikuwepo. Siku za kawaida za giza saa kumi jioni wanaume wa Kibirizi wanapakia nyavu na kujaza mafuta. Siku ile walijazana sebuleni na kukaa hadi mwisho, wakisubiri kusikia neno "ziwa". Kila waziri alipotamka "uvuvi" mzee aliinua mkono watu wanyamaze. Watoto waliokuwa wanalia walitolewa nje. Hotuba ya bajeti ni ndefu na imejaa tarakimu, nani angedhani ingekuwa na watazamaji wa namna hiyo kwenye mwalo wa dagaa?

Saa ya nani

Mwishoni mwa Januari 2016 Serikali ilitangaza bungeni, kupitia aliyekuwa waziri wa habari, Nape Nnauye, kwamba TBC haitarusha tena moja kwa moja sehemu kubwa ya vikao vya Bunge. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni gharama: shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Ya pili, kwamba saa za vikao watu wengi wako kazini, kwa hiyo ni afadhali yarekodiwe na kuonyeshwa usiku, kati ya saa nne na saa tano. Wabunge wa upinzani walipinga siku ileile, na aliyekuwa mbunge wetu wa Kigoma Mjini, Zitto Kabwe, alikuwa miongoni mwa waliosimama.

Hoja ya gharama siidharau. Shirika letu halina ada ya leseni kama BBC, ambako kuanzia Aprili 2024 nyumba inayotazama matangazo ya televisheni ilitakiwa kulipa pauni 169.50 kwa mwaka. TBC huishi kwa ruzuku na matangazo ya biashara. Bilioni nne si fedha ndogo kwa shirika la namna hiyo.

Lakini hoja ya saa nataka kuijibu, kwa sababu ilikuwa kweli Dar es Salaam na Dodoma, na huku haikuwa kweli. Mvuvi wa Kibirizi hurudi alfajiri. Samaki wameuzwa jua likichomoza. Saa tatu asubuhi, wakati kikao cha Bunge kinaanza, yeye ameshakula, ameketi mgahawani au chini ya mwembe, sindano ya nyavu mkononi, anasubiri usingizi. Nakumbuka migahawa ya Mwanga na ya huku chini miaka ya nyuma, Bunge limewashwa asubuhi na watu wamelikalia kama mechi. Walimjua mbunge wa jimbo la mbali kwa sauti yake. Walikuwa na wabunge wao wanaowapenda kwa namna wanavyouliza swali la nyongeza, kama mtu anavyompenda winga wake.

Saa nne usiku mtu huyohuyo yuko katikati ya ziwa. Tulimhamishia kipindi chake mahali asipoweza kukifikia. Na mtu akija baadaye kuhesabu, atasema watu wa Kigoma hawana habari na Bunge.

Jambo la hali ya hewa linaniuma zaidi, maana hilo ni uhai wa mtu. Utabiri husomwa baada ya taarifa ya habari ya saa mbili. Kwa mtu wa Kariakoo ni sawa, anataka kujua kesho abebe mwavuli. Kwa mwenye mtumbwi, upepo wa usiku huu anausikia ukitangazwa wakati taa zake zimeshawaka majini. Na mara nyingi hausikii, kwa sababu televisheni iko nyumbani na yeye yuko majini. Utabiri wa maziwa ukisomwa saa tisa au saa kumi alasiri, dakika tatu tu, utakuwa na watazamaji kwenye kila mwalo kuanzia hapa hadi Kipili kule Rukwa, na hautagharimu bilioni.

Chaneli ilipotelea wapi

Turudi kwenye kazi niliyoitiwa. Wengi wanadhani watu huchagua chaneli kwa kupenda na kutopenda. Nusu ya uchaguzi huo huamuliwa juu ya paa.

Zamani Kigoma ilikuwa na madishi makubwa ya futi sita na nane yanayokamata chaneli za bure, na antena za mlingoti. Umeme wenyewe ulikuwa wa majenereta ya dizeli, mbali na gridi ya Taifa, ukikatika kila mara. Kisha ikaja dijitali. Dar es Salaam ilizimiwa mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ya kwanza Afrika Mashariki, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu hadi 2015. Kila nyumba ikahitaji king'amuzi. Mzee alinunua cha antena. Baadaye vijana walipotaka ligi, akanunua cha dishi, na kile cha antena kikaingia uvunguni.

Hivi viwili havifanani, na tofauti yake wateja wengi hawaielezwi dukani. King'amuzi cha antena kinatakiwa kubaki na chaneli za kitaifa zisizolipiwa hata kifurushi kikiisha. Cha dishi ni biashara ya kulipia. Agosti 2018 chaneli kadhaa za nyumbani ziliondoka kwenye ving'amuzi vya dishi, baada ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kusema leseni za wenye madishi haziruhusu kuuza chaneli za bure ndani ya vifurushi. Kisheria ilikuwa na mantiki yake: cha bure kibaki bure. Sebuleni matokeo yake yalikuwa kwamba mtu mwenye dishi alipoteza vituo alivyovizoea, na akajifunza kuishi bila hivyo. Mazoea ya mtazamaji yakikatika miezi sita, hayarudi yenyewe.

Nilichokuta kwa mzee kilikuwa mchanganyiko wa yote. Kifurushi kilikuwa kimeisha kwa sababu ziwa limefungwa na hakuna fedha. Dishi lilikuwa limesogezwa na upepo kidogo, picha inaganda. Orodha ya chaneli vijana walikuwa wameipanga upya, mpira juu, muziki chini yake. Nikatoa kile cha antena uvunguni, nikafuta vumbi, nikaunga. Nyumba iko chini ya kilima, mawimbi yanapita juu yake. Tulikata mwanzi mrefu, tukaifunga antena juu kabisa, mmoja wa vijana akaizungusha kidogo kidogo huku mimi natazama mita na kumpigia kelele kupitia dirishani. "Rudisha! Kidogo tena! Hapohapo!" Picha ikatulia.

Tatizo la mwisho lilikuwa rimoti. Ving'amuzi viwili, rimoti tatu, na mzee hasomi maandishi madogo. Mama akaleta plasta ya kidonda, nikakata kipande, nikakibandika kwenye rimoti ya televisheni karibu na kitufe cha kuhamia king'amuzi kingine, nikaandika juu yake kwa kalamu herufi moja: T, ya Taifa. Mzee akabonyeza mara tano sita, kwenda na kurudi, hadi akaridhika.

Mama na mkwe wa Kichina

Mwenye sebule hasa ni mama. Mzee anaomba chaneli, mama anatoa. Jioni yake ni ya tamthilia, na nyingi ni za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Nilimuuliza kama zamani alitazama chaneli ya taifa. Akacheka, akaniambia aliitazama sana "wakati wa yule mkwe wa Kichina."

Anazungumzia tamthilia ya Kichina iliyotiwa Kiswahili na kurushwa na TBC mwaka 2011, ya kijana wa kike na mama wakwe zake. Iligusa watu kiasi kwamba Rais wa China, Xi Jinping, aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Mama hakuwa na shida na Uchina. Alikuwa na mkwe wake mwenyewe Ujiji, na wale wa kwenye televisheni walikuwa wanagombana kwa Kiswahili anachokielewa, kuhusu jikoni na heshima na fedha ya matumizi.

Kanada wana mfuko maalumu wa kugharamia vipindi vya nyumbani, ulioundwa 2010, fedha zake zikitoka serikalini na kwa kampuni zinazosambaza televisheni. Fungu analopata kila mrushaji huangalia, pamoja na mambo mengine, watazamaji aliowapata. Na huko kuna tofauti inayojulikana kwa miaka mingi: Wakanada wa Kiingereza hupenda sana vipindi vya Marekani, jirani yao wa lugha moja, lakini wale wa Quebec, wanaosema Kifaransa, hushikilia tamthilia zao wenyewe, na msanii wa kwao ni nyota kweli. Lugha imewafanyia kazi ambayo fedha peke yake isingeifanya.

Sisi lugha hiyo tunayo. Na ushahidi kwamba Kiswahili kikitumiwa kusimulia maisha ya watu kinavuta umma tunao tangu 1993, Radio Tanzania ilipoanza Twende na Wakati. Watu wa umri wangu bado wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori. Mchezo ule ulipimwa kwa makini kuliko kipindi chochote ninachokijua hapa nchini: kwa miaka ya mwanzo Dodoma haikurushiwa, ili watafiti walinganishe wanaosikiliza na wasiosikiliza, na waliosikiliza walionekana kuchukua hatua zaidi kwenye uzazi wa mpango. Kipindi cha umma, cha nyumbani, kwa Kiswahili, kilisikilizwa na kikabadilisha mambo.

Niliyoyatazama sebuleni pale Juni na Julai, mengi ya nyumbani yalikuwa watu wameketi kwenye viti wakizungumza, au uzinduzi wa jambo fulani na watu wanapiga makofi. Mama alikuwa anavumilia dakika mbili. Mzee alivumilia kwa ajili ya ziwa. Mtu akisema mama huyu hapendi vya nyumbani, simwelewi. Mpe hadithi ya mwanamke wa mwaloni anayedaiwa na kikundi cha vikoba wakati ziwa limefungwa, halafu uone kama atakumbuka Istanbul.

Vijana, na saa mbili kamili

Kulikuwa na Euro, michuano ya mpira ya Ulaya, kuanzia 14 Juni hadi 14 Julai. Mechi nyingine zilianza saa moja usiku kwa saa zetu. Piga hesabu: dakika arobaini na tano, mapumziko ya robo saa, kipindi cha pili kinaanza saa mbili, na taarifa ya habari inaanza saa mbili. Jioni mbili za kwanza palikuwa na ugomvi. Ya tatu, mzee alibonyeza T bila kusema neno, na vijana wakavaa kandambili wakaenda kibanda umiza kulipa mia tano mia tano. Basi.

Giza la mwisho

Tarehe 15 Agosti ziwa lilifunguliwa. Mwezi ulikuwa mkubwa, umebakiza siku nne kupevuka, na mzee alijua taa hazitafanya kitu. Vijana hawakumsikiliza. Miezi mitatu ni mingi. Waliingia majini na kurudi na kidogo. Yeye alisubiri giza, akitazama habari jioni zote hizo akiwa peke yake kwenye kochi la wanaume.

Nilirudi mwanzoni mwa Septemba, usiku wa giza, kubadilisha kichwa cha waya kilichoshika kutu. Mlangoni palikuwa na jozi tano za kandambili, zote ndogo au za kike. Tamthilia ilikuwa inaendelea. Saa mbili ilipofika, mama alimtazama binti, binti akachukua rimoti na kubonyeza T. Plasta ilikuwa imeshakuwa nyeusi kwa vidole, pembe moja imebanduka.

Binti alikuwa na daftari la Jiografia mapajani. Nilidhani anasoma. Habari zilipokwisha na utabiri ukasomwa, alichana nusu ukurasa na kuandika mistari michache kwa herufi kubwa, ya kwanza kuhusu upepo wa kesho usiku. Akaukunja na kuuweka chini ya kikombe cha mzee, kile cha bati, kando ya chupa ya chai iliyokwisha kufungwa kwa ajili ya alfajiri.

"Kila siku?" nikamuuliza.

"Siku za giza tu," akasema. "Mwezi ukitoka anatazama mwenyewe."